Siku Moja kwenye Mji wa Mikasi na Skrubu

Ukungu wa mto Donau hauna haraka. Mwishoni mwa Septemba huanza kupanda usiku, ukajaza bonde zima, na ifikapo saa kumi na moja alfajiri taa za barabarani za Tuttlingen zimebaki madoa ya njano yasiyomulika kitu. Hewa inanukia majani yaliyolowa na moshi wa kuni. Mimi, mtu wa Dar es Salaam niliyezoea kuamka tayari natoka jasho, nilivaa sweta mbili na koti la dada, na bado meno yaligongana. Shemeji alitangulia akipiga mluzi, kofia imekaa upande.

“Hii si baridi, shem,” alisema bila kugeuka. “Baridi njoo Januari.”

Shemeji ni mume wa dada yangu. Alianza kukereza chuma kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwenye leti kuukuu ya mkono, enzi ambazo fundi alisifiwa kwa kuchonga shafti ya pampu kwa kukisia kwa macho. Leo ni fundi wa mashine za CNC, zinazoongozwa na kompyuta, katika karakana inayotengeneza vifaa vya upasuaji, na zamu yake ya asubuhi huanza saa kumi na mbili kamili. Kamili ya huku ni kamili. Ukifika na dakika mbili umechelewa, na hakuna atakayekugombeza. Watakutazama tu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mji wenyewe ni mdogo. Uko kusini mwa Ujerumani, jimbo la Baden-Württemberg, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa treni kutoka Stuttgart, na wakazi wake ni elfu thelathini na kitu. Watalii wengi huupita dirishani wakikimbilia ziwa la Bodensee au Msitu Mweusi. Wenyewe wanauita kitovu cha dunia cha teknolojia ya tiba, jina ambalo ningelicheka kama nisingeona vibao: karibu kila mtaa una karakana, na hesabu inayotajwa ni kampuni zipatazo 400 mjini na vijiji vya jirani. Mkasi wa daktari, koleo la kubania mshipa wa damu, kamera nyembamba ya kupenyezwa tumboni, skrubu ya kushikilia mfupa uliovunjika. Kwetu, tangu bodaboda zijae mijini, ni nadra kukuta ukoo usio na mtu “aliyewekewa vyuma”. Nilitaka kuona vyuma hivyo vinazaliwa wapi.

Kwanza, mkate. Mtaa mzima ulikuwa umelala isipokuwa duka la mwokaji, ambalo mlango wake ulitema mvuke na harufu ya unga unaoiva hadi upande wa pili wa barabara. Foleni ilikuwa ya watu wa karakana, buti za usalama miguuni, macho bado mekundu. Mama wa kaunta aliwajua wote. Hakuuliza mtu anataka nini. Alikuwa akifunga tu na kukabidhi. Kwangu alisita, akanisalimia “Grüß Gott”, salamu ya huku inayomtaja Mungu hata midomoni mwa wasiosali, kisha akachagua kwa niaba yangu: Butterbrezel, mkate uliosokotwa fundo, ganda lake la kahawia likiwa na chumvi ya chembe kubwa, umepasuliwa tumboni na kujazwa siagi unene wa kidole. Ganda linapasuka, siagi baridi inateleza, chumvi inauma ulimi. Nilikula nikivuka daraja. Mto ulisikika chini yangu bila kuonekana.

Karakana ya shemeji ni ya familia, jengo la ghorofa mbili lisilo na majivuno. Mgeni haingii hivihivi. Nilisaini karatasi, nikavishwa miwani ya plastiki na viatu vyenye chuma puani vilivyokuwa vikubwa kwangu, na simu yangu ikafungiwa kwenye kabati kwa sababu picha haziruhusiwi. Nilinung'unika kidogo, kisha nikashukuru. Bila simu, pua na masikio ndiyo yaliyobaki kufanya kazi.

Pua ilipata mafuta ya kukatia, sabuni, na ile harufu kavu ya chuma kilichopata moto. Masikio yalitarajia kelele za Gerezani, nyundo na tupa na watu wanaoitana. Hapakuwa na kitu hicho. Mashine zilipangwa safu mbili, makabati makubwa yenye dirisha la kioo, kila moja ikiimba sauti yake ya chini. Ndani ya kioo, maji meupe ya kupoza yalipiga kwa nguvu juu ya kipande kinachozunguka, na mle ndani ya povu, kwa sekunde chache, ungeona makali yakitembea.

Shemeji alinipeleka kwenye mashine yake anayoipenda. Fimbo ya titani, nyembamba kuliko kalamu, inasukumwa kutoka nyuma. Kwenye leti ya kawaida chuma kinazunguka palepale na kisu ndicho kinachotembea. Hapa fimbo yenyewe husogea mbele kupitia tundu linaloibana, na kisu hukata papo hapo kando ya tundu. Kwa hiyo kipande kirefu na chembamba hakipati nafasi ya kupinda. Mafundi wa saa wa milima ya Jura, Uswisi, ndio waliobuni mtindo huu katika karne ya 19 kwa ajili ya vijiti vya saa, na Jura hiyo haiko mbali kutoka hapa. Tulitazama skrubu ya mfupa ikitokea: kwanza shina, kisha meno yanayojiviringisha, kisha kichwa chenye tundu la nyota, kisha kisu chembamba kinaikata na inaanguka ndani ya kikapu kwa sauti ndogo, *ti*. Baada ya dakika chache, nyingine. Waswabia, watu wa sehemu hii, hupachika “-le” kwenye karibu kila kitu wanachokipenda, na skrubu nao wanaidekeza: *Schräuble*.

“Titani ina kiburi,” shemeji alieleza, mkono juu ya mlango wa mashine. “Haipitishi joto vizuri. Chuma kingine kinalibeba joto kikaondoka nalo kwenye maranda. Hii inalirudisha lote kwenye ncha ya kisu. Na maranda yake yakiwa membamba yanashika moto.” Akanionyesha mtungi wa kuzimia moto uliounganishwa na mashine yenyewe, unaojifungua bila kusubiri mtu.

Niliuliza swali ambalo nadhani kila ndugu yake humuuliza. Kama kompyuta ndiyo inayoongoza, yeye anafanya nini?

Alicheka. Akaniambia nifumbe macho nisikilize. Wimbo uleule. Halafu, sijui baada ya muda gani, ukakwaruza kidogo sana, mfano wa mtu anayesafisha koo kwa adabu. Yeye alikuwa ameshafika kwenye kibodi. Kisu kimeanza kuchoka, alisema; kikichoka, kipenyo cha skrubu kinaongezeka polepole. Akaandika marekebisho ya maikroni nne. Unywele wa mtu una unene wa maikroni sabini hivi. Programu ni mistari ya herufi na tarakimu, nenda hapa, zunguka kasi hii, rudi, na ameiandika mwenyewe. Lakini programu haisikii. Haijui kwamba fimbo ya leo imetoka fungu jingine na ni ngumu kidogo kuliko ya jana.

Chumba cha vipimo kiko mwisho wa ukumbi, nyuma ya milango miwili. Mle joto ni nyuzi 20 mwaka mzima, masika na kiangazi, kwa sababu vipimo vya ufundi duniani vimekubaliana kusomwa kwenye joto hilo. Chuma cha urefu wa milimita 100 hurefuka kama maikroni moja kwa kila nyuzi inayoongezeka, na kwa watu hawa maikroni moja ni kitu cha kujadili. Vipande hulazwa kwanza mezani vipoe. Binti mmoja wa vipimo alinipa koleo dogo nilitazame, nikaanza kulizungusha kiganjani kwa furaha.

“Usilishike sana, shem,” shemeji akaninong'oneza. “Unalipasha moto.”

Kipande cha kwanza cha kila kazi hupimwa chote kabla cha pili hakijakatwa, na kila kisanduku hutembea na karatasi yake. Fimbo iliyofika kutoka kiwandani ina cheti na namba ya tanuri ilimoyeyushwa. Namba hiyo hufuata hadi kwenye alama ya leza inayochorwa juu ya bidhaa au kwenye pakiti yake. Skrubu ikikatika ndani ya paja la mtu, popote alipo, inatakiwa mtu aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye fimbo ile. Mwenye karakana, mzee mwenye masharubu meupe aliyenikaribisha kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili, alinionyesha chumba cha mafaili na kushusha pumzi ndefu. Kanuni mpya za Ulaya, zilizoanza kutumika Mei 2021, zimemwongezea makaratasi kuliko mashine. Alilalamika kwa dakika kumi nzima, kisha akasema ni sawa tu, kwa sababu hata yeye ana nyonga ya bandia.

Saa tatu asubuhi kila kitu kinasimama kwa *Vesper*, na hapo ndipo nilipowapenda kabisa. Watu wanatoa vijisanduku vyao, mkate mweusi, jibini, matango ya siki, soseji. Shemeji ni Mwislamu wa Tanga. Miaka ya mwanzo, alinisimulia, alikuwa akila peke yake ili asiwaudhi kwa kukataa. Siku moja alikuta kwenye jokofu rafu ya juu imebandikwa karatasi yenye jina lake, imeandikwa kwa mkono, na ndani yake jibini na kuku tu. Hakuna aliyetoa hotuba. Mpaka leo rafu hiyo haiguswi, na wanapochoma nyama uani kiangazi jiko lake ni la peke yake, limesuguliwa. Waswabia hawana maneno mengi ya ukarimu. Wanakupa rafu.

Mezani alikuwapo mzee mmoja wa mikono mipana, vidole vyeusi kwenye mikunjo kwa miaka ya kung'arisha chuma. Yeye ni *Chirurgiemechaniker*, fundi wa vifaa vya upasuaji, kazi inayofundishwa kwa miaka mitatu na nusu, sehemu darasani na sehemu karakanani. Baada ya chai alinichukua kwenye benchi lake, na pale pakanikumbusha Gerezani kweli: jiliwa, tupa za kila umbo, nyundo ndogo yenye mpini uliochakaa pale kidole gumba kinapokaa. Mashine humletea nusu mbili za mkasi zilizochongwa sawasawa. Ukizifunga hivyo hivyo, alisema kupitia tafsiri ya shemeji, una vipande viwili vya chuma, huna mkasi. Kila jani la mkasi lazima lipindwe kidogo sana, ili yakifungwa majani yagusane nukta moja tu, na nukta hiyo isafiri kutoka kwenye ekseli hadi nchani. Aliuinua kwenye taa, akaona mwanga usiopaswa kuwapo, akagonga mara moja. Akatazama tena. Akagonga tena, polepole kuliko mwanzo.

Kisha akanipa mikasi miwili nikate kitambaa chepesi kilicholowa, macho yamefumbwa. Wa kwanza ulikata. Wa pili ulipita, sina neno jingine, mpaka nikafungua macho kuhakikisha kwamba kitambaa kimekatika. Huo wa pili ulikuwa na pete za dhahabu, na dhahabu hiyo, kumbe, si pambo: ndiyo alama inayomwambia nesi kwamba ukingo wa makali umewekewa tungsteni kabaidi, ngumu kuliko chuma cha kawaida. Mimi nilikuwa nimekuja nikiamini kompyuta imemstaafisha fundi wa mkono. Nilivyoona, imempunguzia kukwangua tu. Kugonga kumebaki kwake.

Zamu iliisha saa nane mchana, na tulipotoka ukungu ulikuwa umeondoka kana kwamba haujawahi kuwapo. Anga la bluu, vilima vyenye misitu vinaanza kugeuka njano, mapaa mekundu. Mitaa ya katikati ya mji imenyooka kwa mstari, ikikatana kwa pembe mraba, jambo la ajabu katika nchi ya vichochoro vilivyopinda. Sababu ni moto. Tarehe 1 Novemba 1803 mji uliokuwa ndani ya kuta uliteketea, na wajenzi waliokuja kuusimamisha upya wakauchora kwa rula. Nilisema kwa sauti kwamba mji wa namna hii ungewezaje kuzaa watu wengine isipokuwa wapima maikroni. Shemeji hakucheka, ameshausikia utani huo.

Tulipanda hadi Honberg, magofu ya ngome ya karne ya 15 iliyobomolewa wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Kilima ni kifupi ila kina hasira, na viatu vyangu vilijaa kokoto. Juu, bonde lote liko miguuni pako: mto, reli, na viwanda vimekaa katikati ya nyumba za watu kwa amani. Zamani watu wa hapa walifua visu na kushona viatu. Mwaka 1867 Gottfried Jetter alifungua karakana ya vyombo vya upasuaji, na kutokana na hiyo ikakua kampuni inayoitwa leo Aesculap, jina la mungu wa tiba wa Wayunani. Mwaka 1945, vita vimeisha na nchi imevunjika, Karl Storz alianza biashara yake, iliyokuja kujulikana kwa endoskopi, na katika miaka ya 1960 akaungana na mwanafizikia Mwingereza Harold Hopkins, aliyebuni lenzi za vijiti zilizofanya picha ya ndani ya mwili ing'ae. Kutoka hapo juu majengo ya kampuni zote mbili yanaonekana. Makumbusho ya mji nayo yapo, ndani ya ghala la zamani la nafaka, na yanafaa siku ya mvua.

Lakini usiondoke bila kuona mto unavyopotea. Tulipanda treni ndogo hadi Möhringen, kitongoji cha Tuttlingen, tukatembea kando ya Donau kuelekea Immendingen. Maji yalipungua hatua kwa hatua. Mara tukawa tunatembea kwenye kitanda cha mto chenyewe, mawe meupe, makavu, yaliyopata joto la jua. Donau, mto unaokwenda kuwa mkubwa hadi Vienna, Budapest na Bahari Nyeusi, hapa unanywewa na ardhi. Chini ni mawe ya chokaa yenye nyufa, na kwa siku nyingi za mwaka nyufa hizo humeza maji yote; mto wa Tuttlingen hufufuliwa na vijito vya pembeni. Inamisha sikio: utasikia gulu-gulu-gulu.

Yanakwenda wapi? Mwaka 1877 mtaalamu Adolf Knop alimwaga mtoni chumvi, rangi na mafuta, akasubiri. Baada ya saa 60 hivi vitu vyote vitatu vilijitokeza Aachtopf, chemchemi kubwa iliyo umbali wa kilomita 12 hivi upande wa kusini, ambayo maji yake huingia Bodensee na kutoka na mto Rhein mpaka Bahari ya Kaskazini. Mvua moja, bahari mbili. Maji hayo yaliwapeleka mahakamani Württemberg na Baden, enzi hizo majimbo mawili, kesi ikaamuliwa mwaka 1927. Shemeji alisimama juu ya ufa, mikono kiunoni, akiwa na fahari ya mtu aliyeuchimba mwenyewe. “Unaona? Hata mto waliupa namba ya tanuri.”

Jioni tulialikwa nyumbani kwa mzee wa mikasi. Kabla ya kutoka, dada alifagia ngazi za jengo, kwa sababu kibao kidogo kilichoning'inizwa mlangoni kilikuwa kimetangaza kuwa wiki hii ya usafi ni yake, na jirani wa chini hukagua. Alifagia akinung'unika Kiswahili safi cha Pangani. Ameshaanza, nilibaini, kukagua wiki za wengine.

Kwa mzee kulinukia vitunguu kuanzia getini. Mkewe alikuwa ameoka *Zwiebelkuchen*, pai ya vitunguu vilivyolainishwa hadi vikawa vitamu. Kulikuwa na dengu za kahawia zilizokolezwa siki, zikimiminwa juu ya *Spätzle*, tambi za mayai zenye umbo la ovyo, laini na zenye kung'ata kidogo. Halafu *Maultaschen*, mifuko ya unga iliyojazwa mboga na nyama ikaelea kwenye supu. Kwa desturi nyama hiyo huwa na nguruwe. Yeye alitengeneza sufuria mbili, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wa ile yetu, na kijiko chake pia kilikuwa na uzi mwekundu. “*Esset, esset!*” aliamrisha. Nilipomaliza sahani aliijaza tena bila kunitazama, sawasawa na shangazi yeyote wa Muheza.

Lahaja yao ni ngumu. Shemeji mwenyewe, baada ya miaka, hukubali kwamba mzee akikasirika haambulii neno. Lakini mezani hakuna aliyekasirika. Waliniuliza kuhusu bahari, kuhusu foleni za Dar es Salaam, na kama ni kweli watu wanne wanapanda pikipiki moja. Nikasema wakati mwingine watano, na mzee akaweka uma chini, akasema taratibu kwamba sasa anaelewa kwa nini oda za skrubu haziishi.

Kisha ikaja pilau. Dada huipeleka karakanani kila Desemba, na mzee ameamua mwaka huu ataipika mwenyewe. Alileta daftari la miraba na penseli iliyochongwa vizuri. Mchele kiasi gani? Dada akajibu. Bizari nzima kiasi gani? “Kiasi,” dada akasema. Shemeji akatafsiri, na mzee akangoja, penseli hewani, namba ifuate. Dada akaongeza: unajaza kiganja. Mzee akatazama kiganja cha dada, akatazama chake, ambacho kingebeba viganja vitatu vya dada, akauliza kwa upole kiganja cha nani. Mkewe alikuwa ameshakwenda kuleta mizani. Tukamimina bizari kiganjani mwa dada, tukaipima, ikawa gramu saba. Akaambiwa arudie, ikawa tisa. Mara ya tatu saba na nusu. Mzee aliandika zote tatu, akapiga mstari, akatafuta wastani, na pembeni yake akaandika kiasi cha kuruhusu juu na chini.